Bomba la Marehemu

Mashine ya kuoshea vyombo ililetwa Jumamosi asubuhi na wapagazi wawili. Wakaitua katikati ya jiko, wakaondoka bila hata kuuliza itakaa wapi. Ilitoka kwa dada wa mshona mapazia; dada huyo alikuwa akihamia nyumba ndogo isiyo na nafasi ya kuiweka. Mlango wake ulikuwa na mkwaruzo mrefu na kitufe kimoja kilikuwa kimezama, lakini ilikuwa nzima, na mshona mapazia aliizunguka akiipapasa huku na huku kama mtu asiyeamini kuwa ni yake.

Hakuwa mtu wa makuu. Mikono ndiyo iliyomfikisha hapo. Sabuni ya vyombo ilikuwa imemla vidole mpaka ngozi ikapasuka kwenye viungo, na alipokaa kwenye cherehani kushona mapazia meupe ya watu, damu ilikuwa ikiacha madoa kwenye pindo. Zaidi ya mara moja alilazimika kuweka kando kitambaa kizuri na kuanza upya. Daktari wa ngozi alimwambia waziwazi kwamba dawa ya kupaka haitamsaidia kitu kama ataendelea kutumbukiza mikono kwenye povu kila siku. Glavu za mpira alizijaribu, zikamtoa malengelenge.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mwembamba, mpole, mwenye mikono myepesi. Wateja walikuwa wakisema anaweza kumnyoa mtoto aliyelala na asizinduke. Alipoiona mashine alisema hakuna haja ya kuita fundi. Ilikuwa na mipira miwili tu, mmoja wa kuingiza maji safi na mwingine wa kutoa machafu, na mtu mzima hashindwi na mipira miwili. Ule wa kuingiza aliufunga kabla ya chakula cha mchana, akapiga mluzi. Ule wa kutoa ndio uliomfutia mluzi mdomoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya baba wa kinyozi. Marehemu alikuwa dereva wa lori, na kila alipopata likizo alikuwa akijenga: chumba leo, ukuta mwaka unaofuata, mabomba ameyalaza yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mjane wake bado alikuwa anaishi humo, mama mkunjufu kwa wageni na mkali kwa vitu vya mumewe. Mlango ukilia, marehemu ndiye aliyeufunga, usiguswe. Swichi ikiwa imewekwa juu chini, marehemu alikuwa na sababu zake. Na sinki la jiko, ambalo maji yake yalikuwa yakishuka kwa kusitasita mithili ya mtu anayeitwa na mdai, hilo lilikuwa na maelezo yake pia.

"Sinki hili lilikuwa linameza maji kama mchanga," alikuwa akisema mama mkwe, "mpaka lilipoanza kumwagiwa mafuta."

Hakutaja jina la mtu, wala hakuwa na haja. Nyumba ilikuwa na mkwe mmoja tu. Hadithi ya mafuta ilianza mwaka ule mshona mapazia alipoolewa, ikatoka jikoni ikafika sebuleni, ikatoka sebuleni ikawafikia mawifi, na sasa kulikuwa na wifi mmoja, yule mkubwa, ambaye akija kutembea alichungulia kwanza sinki ndipo amsalimie mwenye jiko. Mshona mapazia alikuwa na kopo la bati chini ya meza, na mafuta yote yaliyotumika aliyamimina humo. Kila mtu alikuwa akiliona. Lakini neno likishazoeleka mdomoni, macho hayaliondoi.

Siku ile ya kwanza kinyozi alifanya jambo jepesi kuliko yote: aliuning'iniza mpira wa maji machafu kwenye ukingo wa sinki, akaufunga kwa kamba ili usichomoke. Wakapakia vyombo, wakawasha, wakasimama pembeni kuitazama ikinguruma. Ulipofika wakati wa kutema maji, mashine iliyatema kwa nguvu, na sinki halikuweza kuyameza kwa kasi ile. Yakapanda, yakafika ukingoni, yakaanza kumwagika sakafuni. Kinyozi aliruka kuizima, akabonyeza kitufe kile kilichozama, mashine ikaona ni amri ya kuanza upya na ikaendelea. Mpaka walipochomoa waya ukutani, zulia la sebuleni lilikuwa limeshalowa pindo.

Mama mkwe alikuja na tambara, akapiga magoti akafuta. Alipomaliza kukamua tambara ndipo aliposema kwamba hata mashine ya Wazungu haiwezi kushindana na mafuta.

Jumapili kinyozi alibadili mpango. Aliingia chini ya sinki na tochi. Huko alikuta kile kipande kilichopinda kama shingo ya bata, kinachobaki na maji kidogo ndani ili harufu isirudi jikoni. Kwenye duka la vifaa walimwambia kuna kipande kingine, kifupi, chenye mdomo wa pembeni. Kinafungwa juu ya shingo ile, halafu mpira wa mashine unavikwa kwenye mdomo huo na kubanwa kwa klipu ya chuma. Alirudi nacho akiwa na furaha. Hakikuingia. Bomba la marehemu lilikuwa la kipimo ambacho siku hizi hakiuzwi, nene kuliko jembamba na jembamba kuliko nene. Akarudi dukani na kipande kingine. Hicho kikapwaya. Akakizungushia tepu nyeupe, safu juu ya safu, akalala chali na shingo imekwama kwenye mlango wa kabati, matone yakimdondokea usoni, na mshona mapazia akimulika tochi huku mikono yake ikimuuma.

"Mulika hapa."

"Ndiyo hapo ninapomulika."

"Sio kwenye jicho langu, mama watoto. Kwenye bomba."

Jioni kiungo kilishika. Safari hii sakafu ilibaki kavu, na kwa muda wa kunywa chai walidhani wameshinda. Kisha mshona mapazia akafungua mlango wa mashine. Vikombe vilikuwa vimekaa kwenye maji ya kijivu, majani ya chai yamegandamana kwenye sahani, na ganda la kitunguu lilikuwa limelala juu ya kijiko. Maji ya sinki, kwa kukosa njia ya kwenda chini, yalikuwa yamerudi nyuma kupitia kiungo kile kipya na mpira na kuingia kwenye mashine. Akavitoa vyombo vyote kimoja kimoja akaviosha kwa mkono, na povu lilipomwingia kwenye mipasuko alifumba macho, akaendelea.

Mama mkwe alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba aliyeziba njia ndiye anayeteseka nayo, lakini na wengine wanateseka humo humo.

Kinyozi alikuwa anafuta mikono. Alisikia. Akakitazama kitambaa, akakikunja, akakiweka begani. Akasema, "Mama, tutaangalia."

Usiku ule mshona mapazia hakutaka mazungumzo. Mumewe alipomuuliza kama amekasirika alimjibu kwamba amechoka, na yote mawili yalikuwa kweli.

Jumatatu walimwita fundi bomba. Mtaani walimpa jina la Niko Njiani, kwa sababu ndilo jibu lake kila anapopigiwa simu, hata kama ukimsikia anakoroga uji. Alifika siku ya pili ya njia yake. Kwa haki yake, kazi aliijua. Alimimina ndoo ya maji kwenye sinki, akatoka nje kusikiliza chini ya dirisha. Akafunua mfuniko wa chemba, lile shimo dogo uani ambamo maji ya jikoni humiminikia, akaingiza waya mrefu kwenye mdomo wa bomba. Waya uliingia kidogo ukagota. Akauzungusha, akausukuma, ukagota pale pale.

Alieleza kwamba shingo ya bata haina tatizo, na mashine haina tatizo. Kilichoziba kiko nje, kwenye kile kipande cha bomba kinachotoka ukutani kwenda kwenye chemba, na si kitu laini. Bomba lote lilikuwa limegundishwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna kiungo cha kufungua. Itabidi likatwe.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale uani na kanga yake mkononi, akisubiri jua liikaushe.

"Halikatwi," alisema.

Fundi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Akamwambia mama, ni bomba tu, tutaunganisha jingine.

"Mume wangu alilichimbia hilo kwa mkono wake. Mimi nilikuwa namshikia ubao. Halina kosa. Kosa ni la mwenye kulimwagia mafuta, na mafuta yanayeyushwa kwa maji ya moto na magadi. Halikatwi."

Niko Njiani alimtazama kinyozi. Mshona mapazia naye alimtazama kinyozi. Yeye akajikuna kidevu, akasema labda wajaribu kwanza maji ya moto, kisha waone. Fundi aliyekwisha kuona nyumba nyingi alikusanya waya wake, akasema anakwenda kuchukua msumeno na kiungio, kama watakubaliana wampigie. Akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyenusurika.

Wakamwaga maji ya moto na magadi siku mbili. Jiko lote likanuka. Sinki halikusogea hata kidogo.

Ijumaa kinyozi alikuwa kazini, watoto shuleni, na mshona mapazia alikuwa na mapazia ya ukumbi mzima ya kumaliza. Vyombo vya asubuhi vilikuwa vimejaa sinki, juu ya maji yaliyosimama tangu jana. Aliingiza mkono kutafuta kijiko, na uchungu ulimpanda mpaka kwenye bega. Alibaki amesimama pale, mkono umo ndani, maji yanamfika kwenye kiwiko, na akahisi kwamba yamemfika shingoni.

Akautoa mkono, akaukausha, akauzungushia kitambaa. Akaenda kwenye sanduku la zana la mumewe, akachukua msumeno wa chuma, akatoka uani.

Si kazi nyepesi kukata bomba lililochimbiwa nusu. Alifukua udongo kwa sepeto, akapiga goti, akaanza karibu na ukuta. Meno ya msumeno yaliteleza, yakashika, yakateleza tena. Kila mvuto ulikuwa ukimfungua mpasuko mmoja wa kidole. Mama mkwe aliisikia sauti ile akiwa chumbani. Alitoka mbio kadiri miguu yake ilivyomruhusu, akasimama juu yake, akamwamuru aache. Mshona mapazia hakuinua kichwa. Mama mkwe akamwambia kwamba katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumvunjia heshima namna hii. Msumeno ukaendelea. Akampigia mwanawe simu.

Kinyozi alifika akiwa bado amevaa joho la kazini, nywele za mteja zimemganda kifuani. Alikuwa amemwacha mtu amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Alimkuta mkewe amekwisha kukata sehemu ya kwanza. Maji meusi ya siku nyingi yalikuwa yamemwagika kwenye udongo, na bomba upande wa ukutani lilikuwa linadondosha polepole, wazi, bila kizuizi. Upande wa pili ndiko kulikoziba. Mama yake alianza kumweleza. Yeye alimtazama mkewe, goti kwenye tope, kitambaa cha mkononi kimelowa damu na maji machafu.

"Mbele kidogo kuna kitu kigumu," mkewe alimwambia. "Shika hapo lisicheze, au rudi ukamalizie kichwa cha mtu."

Mama yake akasema, mwanangu, usilishike.

Kinyozi akapiga goti akalishika.

Kipande kilipokatika kilikuwa kizito isivyo kawaida. Mshona mapazia alikigonga kwenye jiwe mpaka ganda la plastiki likapasuka, na ndani yake kulikuwa na tonge la saruji, kubwa karibu kulijaza bomba, limeacha upenyo mwembamba usiopitisha hata kidole. Lilikuwa limechukua umbo la bomba kama mkate unavyochukua umbo la kikaango. Upande mmoja lilikuwa limekamata kipande cha karatasi ya mfuko wake, na kijiti kimesimama katikati. Mafuta hayakuwemo. Kulikuwa na utelezi wa miaka juu yake, wa kawaida, ambao ungekuwa kwenye bomba lolote.

Mama mkwe alisogea, akainama, akakichomoa kile kijiti kwa ncha za vidole.

Mshona mapazia alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka akiba kwa siku kama hiyo, maneno ya miaka, mengine ameyafanyia mazoezi kwenye cherehani. Yalipofika mdomoni yalikuwa swali moja tu.

"Mama, kabla sijaja mimi, maji yalikuwa yanakwenda?"

Mama mkwe alikaa kwenye ukingo wa chemba. Alikigeuza kile kijiti mkononi kwa muda mrefu. Angeweza kusema hakumbuki. Umri ulikuwa unamruhusu. Alianza kwa kusema kwamba siku ile walikuwa wanasakafia uani, na mvua ilikuwa inatisha, na mdomo wa bomba ulikuwa wazi. Yeye alimwambia mumewe auzibe kwa tambara. Mumewe alisema saruji iliyoingia ni kidogo, akaichokoa kwa kijiti, kijiti kikavunjikia ndani, akasema maji hayana aibu, yatapita tu.

"Yalikuwa yanasuasua," alisema mwishowe. "Toka siku ya kwanza."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, nikaacha kujua. Alipokufa sikutaka kusikia kwamba alikosea kitu. Halafu ukaja wewe."

Mshona mapazia alitarajia kwamba akilisikia hilo moyo utatulia. Haukutulia. Ulizidi kuchemka, na hasira haikuwa kwa yule mama aliyekaa ukingoni na kijiti mkononi. Ilimgeukia mtu aliyekuwa amepiga goti pembeni yake, bado ameshika bomba ambalo halikuhitaji tena kushikwa.

"Na wewe," alimwambia mumewe. "Ulikuwa mtoto humu. Uliosha vyombo kwenye sinki hili kabla hujanijua. Kopo langu la mafuta unaliona kila siku. Kukata bomba nimekata mimi, sawa. Lile neno kwamba si mimi lilikuwa lako kulisema."

Kinyozi alifungua mdomo. Mkewe alilijua neno linalokuja, akalisubiri: tutaangalia. Halikuja. Alisema kwamba ni kweli, alikuwa anajua maji yanasuasua, alikuwa anasimama kwenye kigoda akingoja yashuke. Alikuwa anaona vyepesi kunyamaza kuliko kumliza mama. Akamgeukia mama yake akiwa bado amepiga goti, yeye mtu mzima mwenye nywele za mwingine kifuani.

"Mama, mke wangu hajaziba kitu. Dada anasema, na majirani wanasema, kwa sababu ulisema wewe. Naomba uwaambie."

Mama mkwe aliinuka. Akaingia ndani na kile kijiti mkononi.

Waliobaki wakafanya kazi, kwa sababu bomba lililokatwa halijiungi lenyewe. Kinyozi alikwenda kwanza kumalizia kichwa cha mteja, ambaye alikuwa amelala kwenye kiti, kisha akapita dukani na kipande cha bomba mfukoni. Mara hii alipata kiungio cha mpira kinachonyumbuka, kinachoshika vipimo viwili tofauti. Wakafunga bomba jipya uani, wakamwaga ndoo kwenye sinki, na maji yakashuka kwa mkoromo ambao nyumba ile haikuwahi kuusikia. Kule chini ya sinki akafungua zile safu za tepu, akafunga upya kipande chenye mdomo wa pembeni kwa kiungio cha aina ile ile. Mkewe ndiye aliyesoma karatasi ya maelekezo ya mashine na kugundua kosa jingine: mpira ulitakiwa kupandishwa kwanza juu, mpaka karibu na uso wa meza, ndipo ushuke kwenye bomba, ili maji ya sinki yasipate mteremko wa kurudia. Wao walikuwa wameulaza sakafuni kama nyoka. Wakaufunga kwa ndoano chini ya meza. Walifanya yote hayo wakiambiana maneno ya kazi tu: shika, vuta, legeza. Kinyozi alipompa mkewe mkono amsaidie kuinuka, mkewe aliinuka mwenyewe.

Niko Njiani alipiga simu kuuliza kama bado wanamhitaji. Alikuwa njiani.

Jioni waliiwasha. Wakati wa kutema maji ulipofika, wote wawili walisimama wakilikodolea macho sinki, na hakuna kilichopanda. Kinyozi akaingia chini na tochi, akaona tone moja linajikusanya kwenye klipu, akaomba bisibisi, akakaza. Tone jingine likaja, dogo zaidi. Akakaza tena, akaweka bakuli.

Sebuleni mama mkwe alikuwa kwenye simu na binti yake mkubwa. Alianza na habari za watoto, akaenda kwenye bei ya mkaa, akazunguka kwenye goti lake bovu. Mshona mapazia, aliyekuwa anapaka dawa mikononi mlangoni mwa jiko, alikuwa karibu kuacha kusikiliza. Ndipo akasikia: "Lile sinki… hapana, sikiliza kwanza. Ilikuwa ni saruji. Ya baba yenu. Ndiyo, baba yenu. Toka siku ile. Sio yeye, hakuwahi kuwa yeye, na ukija huku kwanza umsalimie." Upande wa pili yaonekana uliuliza jambo, kwa sababu alinyamaza, kisha akasema kwa ukali kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri hata hivyo, mvua ndiyo iliyoharakisha.

Kinyozi alitoa kichwa chini ya sinki, akamtazama mkewe kuona kama amesikia.

Alikuwa amesikia. Alimalizia kupaka dawa kidole cha mwisho, akamwambia bakuli limejaa nusu, akaze tena hiyo klipu, kisha akarudi kwenye mapazia ya ukumbi.